Mortlach au Aberdeen? Chimbuko la Dayosisi ya Aberdeen na Kiti Chake cha Uaskofu katika Uskoti ya Zama za Kati

Ikisiri

Insha hii inachunguza chimbuko la Dayosisi ya Aberdeen iliyoko kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Mapokeo ya kanisa hilo yanadai kwamba kiti cha askofu kilianzishwa Mortlach na Mfalme Malcolm II mwanzoni mwa karne ya 11, na kwamba kilihamishiwa Aberdeen zaidi ya miaka mia moja baadaye. Kwa kupima hati, orodha ya maaskofu, ushahidi wa mawe na maandishi ya karne ya 12, insha inaonesha kwamba hati ya uanzilishi ni ya kughushi na kwamba mpangilio wa wakati katika mapokeo hauaminiki. Hata hivyo, insha inahoji kwamba kuikataa hati si sawa na kuikataa Mortlach. Nyuma ya hadithi ya uhamisho upo ukweli wa kihistoria wa monasteri kongwe iliyomezwa na uaskofu wa Aberdeen kabla ya mwaka 1157.

1. Utangulizi

Katika bonde la mto mdogo wa Dullan, pembeni mwa mji wa leo wa Dufftown, lipo kanisa la parokia liitwalo Mortlach. Takribani kilomita 70 upande wa mashariki, karibu na mahali mto Don unapoingia katika Bahari ya Kaskazini, lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Machar, ambalo lilikuwa makao ya maaskofu wa Aberdeen katika Zama za Kati. Kati ya majengo haya mawili, la kwanza dogo na la pili lenye kuta nene za graniti, ndipo lilipo tatizo linaloshughulikiwa na insha hii. Kwa karne nyingi kanisa la Aberdeen lilifundisha kwamba mama yake ni Mortlach. Wanahistoria wa karne ya 20 walipozipima hati zake, waliona kwamba ushahidi mkuu wa uzazi huo haukuweza kusimama.

Tatizo hili ni zaidi ya suala la tarehe. Anayeyapokea mapokeo kama yalivyo anakubali kwamba dayosisi ilizaliwa kwa nadhiri ya mfalme mmoja baada ya ushindi wa vita. Anayeyakataa yote anabaki na picha nyingine ya kifalme, yaani kwamba hapakuwa na uaskofu wowote kaskazini-mashariki mpaka David I, aliyetawala kuanzia mwaka 1124 hadi 1153, alipouleta pamoja na mageuzi ya Kanisa la Kirumi. Katika picha zote mbili, jumuiya za kidini za wazungumzaji wa Kigaeli zilizokuwapo kabla zinatoweka. Kinachobishaniwa, basi, ni nani aliyelijenga Kanisa la Uskoti: je, lilishuka kutoka kwenye kiti cha enzi, au lilikua kutoka kwenye monasteri za mabondeni na baadaye likapewa sura mpya na wafalme?

Insha inashikilia kwamba jibu la pili lina uzito zaidi kwa upande wa Aberdeen. Ili kufikia hapo, kwanza inaeleza mapokeo, kisha inayapima kwa vigezo vya uhakiki wa hati na wa masimulizi, na mwishoni inayaweka kando ya vyanzo vya karne ya 12 ambavyo havina shaka.

2. Mapokeo ya uanzilishi

Masimulizi ya Mortlach yametufikia kupitia njia tatu zinazotegemeana. Ya kwanza ni historia ya Uskoti iliyoandikwa kwa Kilatini na John wa Fordun katika nusu ya pili ya karne ya 14. Fordun, ambaye inaaminika alikuwa padri katika kanisa kuu la Aberdeen, anaeleza kwamba Malcolm II, baada ya kuwashinda Wanorwe, alikumbuka fadhila za Mungu na kuanzisha kiti kipya cha askofu Mortlach, si mbali na uwanja wa ushindi wake. Alikipa makanisa na mapato ya mashamba, na alikusudia eneo lake lienee kutoka mto Dee hadi mto Spey. Askofu wa kwanza alikuwa mtu mtakatifu aliyeitwa Beyn, ambaye aliwekwa na Papa Benedict kwa ombi la mfalme.

Njia ya pili ni sajili ya dayosisi yenyewe, iliyohaririwa na Cosmo Innes na kuchapishwa mwaka 1845. Humo mna hati fupi inayosemekana kutolewa na Mfalme Malcolm huko Forfar tarehe 8 Oktoba, katika mwaka wa sita wa utawala wake. Hati hiyo inampa Askofu Beyn kanisa la Mortlach ili pajengwe kiti cha uaskofu, pamoja na makanisa ya Cloveth na Dulmeth na ardhi zake. Kwa kuwa Malcolm II alianza kutawala mwaka 1005, mwaka wa sita unatupeleka 1010, na ndiyo sababu mwaka huo umekuwa tarehe ya kawaida ya kuanzishwa kwa kiti cha Mortlach.

Njia ya tatu ni Hector Boece, mkuu wa kwanza wa chuo kikuu cha Aberdeen, ambaye mwaka 1522 alichapisha mjini Paris kitabu cha maisha ya maaskofu wa Mortlach na Aberdeen. Kwa Boece, uhamisho si swali tena, bali ni mwanzo wa simulizi: Beyn alifuatwa na Donort, Donort na Cormac, na Cormac na Nechtan, ambaye chini yake kiti kilihamia Aberdeen katika enzi ya David I.

Ni muhimu kusisitiza kwamba njia hizi tatu si mashahidi watatu. Fordun alifanya kazi katika mazingira ya kanisa la Aberdeen, sajili ilitunzwa na kanisa hilohilo, na Boece aliwasoma waliomtangulia. Shahidi anayesema mara tatu hubaki shahidi mmoja.

3. Hati ya Malcolm mbele ya uhakiki

Hati ya Malcolm imechunguzwa na wahakiki wengi, na maoni ya jumla ni kwamba si ya karne ya 11. Hoja za kuikataa ni za aina tatu.

Hoja ya kwanza inahusu lugha ya kiofisi. Hati inaanza kwa mfalme kuwasalimu watu wake wote wema, wa kanisa na wa kawaida. Inaendelea kwa kuwataka wajue kwamba ametoa na kuthibitisha kwa hati yake, na inaitaja zawadi hiyo kuwa sadaka safi na ya kudumu. Mwishoni mfalme anajitaja mwenyewe kuwa shahidi. Hii ni lugha ya ofisi za kifalme za karne ya 12 na zilizofuata, ilipokuwa imekwisha kukomaa. Hati ya kifalme ya Uskoti ya zamani zaidi ambayo maandishi yake yamebaki ni ile ya Duncan II ya mwaka 1094, aliyoitoa kwa ajili ya watawa wa Durham, nayo haifanani na hati ya Mortlach katika muundo wake. Ni vigumu kuamini kwamba makarani wa Malcolm II walitumia, miaka zaidi ya 80 kabla ya Duncan, kanuni za uandishi ambazo makarani wa Duncan hawakuwa nazo.

Hoja ya pili inahusu tarehe. Hati inamtaja Beyn kuwa askofu wa Mortlach mwezi Oktoba 1010. Fordun anasema Beyn aliwekwa na Papa Benedict. Lakini Benedict VIII, ambaye ndiye Benedict wa pekee aliyekuwa papa katika miaka hiyo, alichukua kiti mwaka 1012. Mwaka 1010 papa alikuwa Sergius IV. Matawi mawili ya mapokeo yaleyale, basi, yanapingana. Tukiikubali hati, Fordun amekosea papa. Tukimkubali Fordun, hati inampa Beyn cheo ambacho hajakipata.

Hoja ya tatu inahusu eneo. Fordun anadai kwamba dayosisi ilikusudiwa kuenea kutoka Dee hadi Spey. Mipaka halisi ya karne zilizofuata haikuwa hivyo. Eneo la Strathbogie, ambalo lipo mashariki ya Spey, lilikuwa chini ya Askofu wa Moray, na kwa sababu hiyo Mortlach ilibaki pembezoni mwa dayosisi ya Aberdeen, karibu imezungukwa na parokia za jirani yake. Madai ya Dee hadi Spey yanasomeka vizuri zaidi kama matamanio ya kanisa lililojiona limepunjwa kuliko kama kumbukumbu ya mgawo uliowahi kufanyika.

Kwa hiyo hati ni ya kughushi. Lakini neno hili lisituzuie kuuliza swali linalofuata. Mwandishi wa hati ya uongo hachagui maneno yake ovyo, kwa kuwa anataka kuaminiwa. Mwandishi huyu, aliyekuwa na uhuru wa kumpa mfalme ukarimu wowote, alitaja makanisa matatu tu ya mashambani. Kwa nini Mortlach, Cloveth na Dulmeth? Swali hili litajibiwa katika sehemu ya sita.

4. Orodha ya maaskofu na tatizo la wakati

Orodha ya maaskofu wa Mortlach inaweza kupimwa kwa njia nyingine. Jan Vansina, ambaye nadharia yake ya uchambuzi wa masimulizi ilitokana na utafiti wake miongoni mwa Wakuba wa Kongo na katika Rwanda na Burundi, alionesha kwamba kumbukumbu za jamii huwa na habari nyingi kuhusu asili na kuhusu nyakati za karibuni, ilhali katikati huwa na uhaba. Sehemu hiyo ya katikati aliiita pengo linaloelea, kwa sababu husogea mbele kadiri vizazi vinavyopita. Ingawa nadharia hiyo ilikuzwa kwa ajili ya jamii za masimulizi ya mdomo, inafaa pia kwa taasisi ambayo maandishi yake ya mwanzo hayapo na ambayo imejaza mwanzo wake kwa majina yaliyokumbukwa.

Tukikubali kwamba Beyn aliwekwa mwaka 1010 na kwamba Nechtan alikuwa tayari askofu kufikia 1131 au 1132, basi Beyn, Donort na Cormac peke yao wanapaswa kujaza takribani miaka 120. Hiyo ni wastani wa miaka 40 kwa kila askofu, bila nafasi hata moja kukaa wazi. Tulinganishe na maaskofu wa Aberdeen wenye tarehe zinazojulikana: Edward alishika kiti kwa takribani miaka 20 hadi 1171, na Matthew kwa miaka 27 kuanzia 1172 hadi 1199. Maaskofu, tofauti na wafalme, hawarithi cheo wakiwa watoto. Huteuliwa wakiwa watu wazima. Askofu mmoja kutimiza miaka 40 kitini inawezekana. Watatu kufuatana wote kufanya hivyo ni jambo lisiloaminika.

Kuna maelezo mawili ya upungufu huu. Huenda majina mengine yalisahaulika, na yale matatu ni mabaki ya orodha ndefu. Au huenda majina hayo yalikuwa ya watu halisi waliokumbukwa Mortlach, kama maabati au watakatifu wa mahali, na ambao baadaye walipangwa kwa mstari ili kufunika umbali kati ya Malcolm II na Nechtan. Katika maelezo yote mawili, tarehe 1010 haitokani na kumbukumbu ya maaskofu. Imewekwa kutoka nje, na majina yakavutwa ili yaifikie.

5. Jiwe la vita

Mapokeo ya Mortlach yana pia shahidi wa mawe. Katika uwanja wa kanisa limesimama jiwe lililochongwa ambalo wenyeji wameliita Jiwe la Vita, wakilihusisha na ushindi wa Malcolm. Simulizi za mahali zinaongeza kwamba mfalme aliweka nadhiri katikati ya mapigano na kwamba, baada ya kushinda, alirefusha kanisa lililokuwapo kwa urefu wa mkuki wake mara tatu.

Jiwe lenyewe linasema jambo tofauti. Ni jiwe la Wapikti lenye msalaba na michoro ya wanyama, la aina iliyochongwa kabla ya mwisho wa karne ya 10. Kwa maneno mengine, lilikuwapo kabla ya vita linavyodaiwa kuviadhimisha. Vita vyenyewe havitajwi na kumbukumbu za miaka zilizoandikwa na watawa wa Ayalandi, ingawa kumbukumbu hizo zilifuatilia kwa karibu mambo ya Uskoti na zinaeleza kushindwa kwa Malcolm huko Durham mwaka 1006.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kuishia katika kulikanusha jiwe. Likiwa limeondolewa kwa Malcolm, linabaki kuwa ushahidi wa jambo kubwa zaidi, kwamba Mortlach palikuwa mahali pa ibada ya Kikristo kabla ya Malcolm kuzaliwa. Hata simulizi ya mikuki mitatu, ikisomwa kwa makini, inakiri hivyo, kwa sababu mfalme hawezi kurefusha kanisa ambalo halikuwapo. Mapokeo yanayolihusisha kanisa hilo na Moluag, mtakatifu wa kisiwa cha Lismore aliyefariki mwaka 592, hayawezi kuthibitishwa kwa hati. Lakini yanakwenda upande mmoja na jiwe, yaani upande wa asili ya kimonasteri iliyotangulia ufalme wa karne ya 11. Alex Woolf, katika utafiti wake wa mwaka 2007 kuhusu ibada ya Moluag na kiti cha Mortlach, aliona umuhimu wa kuanza na mtakatifu badala ya kuanza na mfalme.

6. Ushahidi wa karne ya 12

Chanzo cha kwanza kisicho na shaka kinachomtaja askofu wa Aberdeen hakikuandikwa Aberdeen, wala hakikuandikwa kwa Kilatini. Kinapatikana katika Kitabu cha Deer, nakala ndogo ya Injili iliyokuwa mali ya monasteri ya Deer katika nchi ya Buchan, na ambayo leo imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Katika nafasi zilizobaki wazi ndani ya kitabu hicho, watawa waliandika kwa Kigaeli kumbukumbu za ardhi walizopewa. Mojawapo inaeleza zawadi ya Gartnait mwana wa Cainnech na mkewe Éte katika mwaka wa nane wa utawala wa David, yaani kati ya 1131 na 1132. Miongoni mwa mashahidi yumo Nechtan, Askofu wa Aberdeen, na pia Léot, Abati wa Brechin.

Mambo matatu yanaonekana hapa. Kwanza, Nechtan anaitwa wazi askofu wa Aberdeen, na si wa Mortlach, mapema katika enzi ya David. Pili, anasimama katika mazingira ya Kigaeli, katikati ya watu wakuu wa Buchan, kwa tendo linalohusu monasteri ya kienyeji. Jina lake lenyewe ni la kienyeji. Huyu si askofu mgeni aliyeletwa na mageuzi ya mfalme. Tatu, Léot anatukumbusha jinsi Kanisa la wakati huo lilivyopangwa. Brechin, ambako alikuwa abati, kulikuwa pia na kiti cha askofu kufikia katikati ya karne hiyo. Huko uaskofu ulikua juu ya monasteri iliyokuwapo. Hali ya namna hiyo ilikuwapo pia Dunkeld, ambako katika karne ya 11 Crínán, baba wa Mfalme Duncan I, alikuwa abati.

Chanzo cha pili ni hati ya Papa Adrian IV ya mwaka 1157 kwa Askofu Edward, mrithi wa Nechtan. Papa anathibitisha mali za uaskofu wa Aberdeen, na miongoni mwake anataja monasteri ya Cloveth, na monasteri ya Mortlach pamoja na makanisa matano yaliyo chini yake. Hapa ndipo swali la sehemu ya tatu linapopata jibu. Mwandishi wa hati ya kughushi alitaja Mortlach na Cloveth kwa sababu sehemu hizo zilikuwa kweli mali ya askofu, na zilikuwa mali ya aina ya pekee, yaani monasteri za zamani. Alichokibuni ni njia ambayo mali hizo zilimfikia askofu.

Tofauti kati ya hati mbili hizi inastahili kuangaliwa. Mwaka 1157, miaka michache tu baada ya kifo cha Nechtan, Papa hasemi popote kwamba Mortlach iliwahi kuwa kiti cha askofu. Anaiita monasteri. Kama uhamisho ungetokea chini ya Nechtan, tungetarajia kwamba mrithi wake wa kwanza, alipoomba uthibitisho wa mali zake, angelitaja jambo hilo lenye heshima kubwa na manufaa ya kisheria. Ukimya wa chanzo peke yake si hoja ya kutosha. Lakini ukimya wa mtu ambaye angefaidika kwa kusema una uzito wake.

Kwa upande mwingine, monasteri yenye makanisa matano chini yake haikuwa kitu kidogo. Ilikuwa kanisa mama la eneo zima, na katika mfumo wa Kigaeli ingeweza kuwa na askofu miongoni mwa watu wake bila ya kuwa na dayosisi yenye mipaka. Gordon Donaldson, katika makala yake ya miaka ya 1950 kuhusu viti vya maaskofu kabla ya David I, alisisitiza kwamba tusidhani hapakuwa na maaskofu kwa sababu tu hatuoni dayosisi. Hata Ailred wa Rievaulx, aliyemsifu David kwa kukuta maaskofu watatu au wanne katika ufalme na kuacha tisa, alikiri kwamba baadhi ya viti hivyo tisa vilikuwa vya kale vilivyorejeshwa. Hivyo inawezekana kwamba Beyn alikuwa askofu, na kwamba aliishi Mortlach. Kisichowezekana kuoneshwa ni kwamba alikuwa askofu wa kwanza katika mstari mmoja usiokatika unaoishia Aberdeen.

7. Kwa nini Aberdeen?

Kama Mortlach ilikuwa na heshima ya kale, kwa nini kiti kilitulia mlangoni mwa mto Don? Jibu la kawaida ni biashara na siasa, na lina ukweli. Aberdeen ilikuwa bandari iliyokuwa ikikua. Masimulizi ya wafalme wa Norwe yanaeleza jinsi Mfalme Eysteinn alivyoivamia na kuipora katikati ya karne ya 12, na mvamizi hasafiri kwenda kupora mahali pasipo na kitu. Zaidi ya hayo, mwaka 1130 Óengus wa Moray aliasi na kuuawa huko Stracathro. Mortlach, iliyokuwa mpakani mwa Moray, ilikuwa katika eneo ambalo mfalme alikuwa ndiyo kwanza analitia mkononi. Askofu aliyetaka kushirikiana na dola ya David alikuwa na sababu ya kukaa pwani.

Lakini jibu hili halitoshi, kwa sababu kanisa kuu halikujengwa katika mji wa biashara. Mji wa bandari ulikua karibu na mlango wa mto Dee, ilhali Kanisa la Mtakatifu Machar lipo zaidi ya kilomita mbili kaskazini, juu ya mto Don, katika makazi ambayo yalikuja kuitwa Aberdeen ya Kale na kubaki mji tofauti kwa karne nyingi. Kama biashara peke yake ingeamua, askofu angejenga kando ya gati. Mahali palipochaguliwa, pamoja na jina la mtakatifu wa Kigaeli asiyejulikana sana nje ya eneo hilo, vinaelekeza kwenye kanisa lililokuwapo kabla. Hadithi inayosema kwamba Machar aliagizwa kujenga mahali mto unapojipinda kama fimbo ya askofu ni ya baadaye, lakini inaeleza jambo ambalo watu wa Aberdeen walilijua, kwamba kanisa lao lilikuwa na mwanzo wake mwenyewe usiotoka Mortlach wala kwa mfalme.

8. Kwa nini hadithi ya uhamisho ilihitajika?

Ikiwa Aberdeen ilikuwa na mwanzo wake mwenyewe, kwa nini ikajitafutia mwingine? Sababu zinapatikana katika nyakati ambazo hadithi ilitungwa na kuandikwa. Katika karne ya 12 maaskofu wa Uskoti walikuwa wakipambana na madai ya Askofu Mkuu wa York kwamba wao walikuwa chini yake. Mgogoro huo ulimalizwa na hati ya Papa Celestine III ya mwaka 1192, iliyoliweka Kanisa la Uskoti moja kwa moja chini ya Roma na kuitaja Aberdeen miongoni mwa dayosisi zake. Mwaka 1291 Edward I wa Uingereza aliagiza monasteri zake zipekue vitabu vyao vya historia ili kupata uthibitisho wa mamlaka yake juu ya Uskoti, na vita vilivyofuata viliwafundisha Waskoti kwamba historia ni silaha. Kiti kilichoanzishwa na mfalme wa Uskoti na kuthibitishwa na Papa, miaka zaidi ya mia moja kabla ya hati yoyote iliyobaki, kilikuwa jibu zuri kwa adui wa aina hiyo.

Si ajabu, basi, kwamba Fordun aliandika katika kizazi kilekile ambacho Askofu Alexander Kininmund, aliyeshika kiti kuanzia 1355 hadi 1380, alikuwa akilijenga upya kanisa kuu. Kazi hizo mbili zilikwenda pamoja: ya kwanza ilimpa askofu kuta, ya pili ilizipa kuta hizo umri.

Hadithi ilikuwa na kazi ya ndani pia. Mortlach ilikuwa mbali, na ardhi ya majirani ilikuwa katikati. Kudai kwamba Mortlach ndiyo mama kuliifanya miliki hiyo ya pembezoni isiweze kutenganishwa na kiti bila ya kukikana kiti chenyewe. Hivyo mapokeo yaliligeuza tendo la kumeza kuwa tendo la kurithi. Monasteri iliyopoteza uhuru wake ikawa, katika kumbukumbu, mzazi aliyempisha mwanawe kwa hiari.

9. Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba hati ya Malcolm II ni ya kughushi, kwamba orodha ya maaskofu wa Mortlach haiwezi kubeba miaka inayobebeshwa, na kwamba jiwe linaloitwa la vita ni kongwe kuliko vita vyenyewe. Imeonesha pia kwamba vyanzo viwili vya karne ya 12, kimoja cha Kigaeli na kingine cha Papa, vinatuonesha askofu aliyekwisha kuwa wa Aberdeen kufikia 1132, na monasteri ya Mortlach iliyokwisha kuwa mali yake kufikia 1157. Kati ya tarehe hizo na zile zilizotangulia, maelezo yanayokubaliana zaidi na ushahidi ni kwamba dayosisi iliundwa kwa kuunganisha makanisa mama ya kale ya Kigaeli, Mortlach ikiwa mojawapo, chini ya askofu wa kanisa la Machar. David I aliusaidia na kuukamilisha muungano huo. Hakuuanzisha kutoka patupu.

Kanisa kuu lenyewe limehifadhi alama ya utata huu. Chini ya dari ya mbao iliyowekwa katika enzi ya Askofu Gavin Dunbar mnamo mwaka 1520, yenye ngao 48 za Papa, wafalme, maaskofu na wakuu, ukutani yameorodheshwa majina. Orodha ya wafalme inaanza na Malcolm II, kama mapokeo yanavyotaka. Orodha ya maaskofu inaanza na Nechtan. Aliyesimama ndani ya jengo hilo na kuzisoma zote mbili anakutana na mfalme mwanzilishi ambaye, kwa zaidi ya karne nzima, hana askofu hata mmoja wa kusimama kando yake. Ndani ya pengo hilo ndimo walimoishi watawa wa Mortlach na Cloveth, na ndiyo maana historia ya dayosisi hii haiwezi kuandikwa bila wao.